Niliyatia Maji Tembo

Sehemu ya saba

Mlioanza nami mnanijua. Kwa aliyekuja leo, naitwa Tsuma, mgema wa Tsangatsini, karibu na Kaloleni, niliyepanda minazi tangu ndevu hazijaota. Minazi yangu ilipokauka kwa jua na kuliwa na chonga, yule mdudu wa minazi, nilimchukua mke wangu Dama na watoto wetu wawili, Kenneth na Mirriam, tukaja Mombasa, tukapanga chumba kimoja Majengo. Niliacha kupanda, nikaanza kusukuma. Mkokoteni, madumu ya maji, Majengo hadi Mji wa Kale, kila siku ya Mungu.

Mengine nilishawaambia. Dama alipata kazi ya jikoni kwa Bi Shariffa, kule Kibokoni, kisha akamwingiza Mirriam. Kenneth alipata kazi kwa fundi wa makasha, akasilimu, wakamwita Ayman. Nilinuna, nikanuna, nikachoka kununa. Mirriam akafuata, naye akasilimu, na haukupita muda Ziad, kijana wa karakana ile ile ya Kenneth, akaleta posa.

Dama naye, miezi mitatu nyuma, aliniambia Bi Shariffa anaugua miguu, hivyo atalala huko huko kumwangalia. Nikabaki Majengo mimi na kitanda.

Juma lililopita niliwaachia pale nilipopata habari kuwa ndoa ya Mirriam ni Alhamisi, nami natakiwa niende. Basi nilikwenda. Laiti ningevunjika mguu njiani.

Niwaeleze kwanza jambo moja, maana bila hilo mtaniona mwendawazimu.

Kwetu baba hamtoi binti mkono mtupu. Hupiga funda la tembo la mnazi, akampulizia binti kifuani, akamnenea maneno ya heri: uzae, uheshimiwe, usirudi ukilia. Sisi twaita kuhatsa. Babangu aliwahatsa dada zangu wote. Binti aliyeolewa bila kuhatswa, akikosa mtoto au akiachwa, watu hawamuulizi mumewe, wanamuuliza babake alikuwa wapi.

Najua Waislamu hawanywi, mimi si mjinga wa kiasi hicho. Mpango wangu ulikuwa nimwite Mirriam uchochoroni kidogo tu, nimpulizie, nimnenee, nifute mdomo, nirudi kuwa muuza maji. Rafiki yangu wa nyumbani akaniletea tembo kwa gari la asubuhi, bichi, bado linatoa povu.

Sasa nilibebe ndani ya nini? Mtu akionekana na kibuyu Kibokoni siku ya harusi, kila dirisha litamtazama. Nikalitia katika dumu la manjano, ndugu mmoja na madumu yangu yote. Nikalifunga ukuti kwenye kishikio ili nilijue. Na kwa kuwa Bi Shariffa alikuwa ameniagiza mimi maji ya harusi, nikalipanga dumu langu katikati ya wenzake, nikasukuma mkokoteni nikipiga mluzi.

Nilijiona mjanja. Mjanja wa mnazini, mjini ni bwege.

Nilipofika, Maalim Idarus alikuwa barazani. Huyu ni kakake Bi Shariffa, mzee mpole mwenye miwani minene, ndiye angefungisha ndoa. Nikaweka mkokoteni, nikataka kushusha madumu kama kawaida yangu. Akanishika mkono.

"Masalkheri, Bwana Tsuma. U hali gani?"

"Salama, Maalim. Nashusha maji kwanza."

"La, la. Leo wewe si muuza maji. Leo u baba wa bi harusi. Ndoo, keti nasi. Vijana watashusha."

Ndugu zangu, nimepita katika vichochoro vile tangu nije mjini, nimejaza mapipa ya watu mpaka mgongo ukapinda, na hapana siku mtu aliniambia "keti nasi". Macho yalinilowa. Nikaketi.

Vijana wakaanza kushusha. Nikanyanyuka nusu.

"Hilo lenye ukuti, wanangu..."

"Keti, bwana wee," alisema babake Ziad, mtu wa tumbo na kicheko kikubwa. "Mikono wanayo. Hujaiamini harusi?"

Nikaketi tena. Kahawa ikaja, na halua. Nikaona haya kumkatalia mtu halua yake kwa sababu ya dumu. Nikasema moyoni, wataliweka tu uani, nitalichukua baadaye. Ndani nikamsikia Bi Shariffa akiita:

"Shifa! Shifa wee! Maji yamekuja, wape wapishi waroweke mchele!"

Huyo Shifa nilikuwa nimelisikia jina lake kwa muda. Kila nikileta maji, Shifa hiki, Shifa kile. Nilidhani ni mtumishi mwingine, na nilikuwa nikimhurumia kwa kuitwa kwake.

Nikaomba nimwone Dama. Akaja mpaka mlangoni, amejifunika vizuri. Nikamnyooshea mkono.

"Mikono ina unga," alisema.

"Kila nikija una unga."

"Ndilo jiko hili."

"Mirriam yuwapi? Nataka kumwona kidogo tu, uchochoroni."

"Anapakwa hina. Utamwona baada ya ndoa."

"Baada ya ndoa nimhatse mke wa mtu?"

Dama akanitazama usoni, kisha akautazama mkokoteni. Alikuwa mke wa mgema kwa miaka mingi, na pua yake si ya kuchezea.

"Umekuja na nini, Tsuma?"

"Maji," nikasema.

Zamani aliniita Baba Kenneth. Siku zile alikuwa ameanza kuniita Tsuma, kavu kavu. Niliona, sikulitilia maanani. Mtu haoni anapoishi kwa kutumaini.

Alasiri ilipokaribia, wanaume waliingia uani kutawadha kabla ya kwenda msikitini. Mimi nikabaki barazani nikiutafuta ule ukuti kwa macho. Nikauona. Ulikuwa chini, kando ya mtaro, umekatika. Madumu yote yalikuwa yamepangwa ukutani, matupu, mdomo chini, yameshamiminwa ndani ya pipa la uani.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye ndara.

Kabla sijasimama, nikasikia mtu anatema. Si kutema kwa kawaida, ni kutema kwa mtu anayetaka kutoa hata meno. Nikachungulia mlango wa ua: alikuwa babake Ziad. Alikuwa amesukutua.

"Maji gani haya!" alipiga kelele. "Machungu! Yana povu!"

"Hebu," mwingine akasema, akachota kwa kiganja, akanusa. "Yarabi!"

Bi Shariffa akashuka ngazi mbio, akatia kata ndani ya pipa, akaileta puani. Akaiangusha kata.

"Audhubillahi! Tembo! Nyumbani mwangu! Siku ya ndoa!"

Mpishi wa biriani alikuwa uchochoroni kwenye masufuria yake. Alisimama na mwiko mkononi akauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kujibiwa: "Pipa lipi?"

Wakamwonyesha.

"Mchele wote nimeuroweka kwa hayo," alisema. "Na nyama nimeioshea hayo."

Wanawake wakaanza kulia huko juu. Mchele ukamwagwa mtaroni, nyama ikafuata, paka wa Kibokoni wote wakahudhuria. Wageni nao walikuwa wanaingia, kanzu zimepigwa pasi, wakikuta chakula chao kinateremka kwenye maji machafu.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilikaribishwa kiti na halua, nikayatia maji tembo.

Nilitaka kunyamaza. Nasema kweli, nilitaka. Nilikuwa naangalia mwisho wa kichochoro na kukadiria mbio zangu. Ndipo nikasikia mtu akisema kwa sauti ya chini, sauti ile inayotaka kusikika:

"Waulizeni hawa waliosilimu juzi. Mtu haachi kwao mara moja."

Wote wakamtazama Kenneth. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na pipa, kofia mpya kichwani, maji yakimdondoka viwikoni. Midomo ilikuwa inamtetemeka kama siku nilipomwona mara ya kwanza juu ya mnazi, hajui ateremke vipi.

"Ni mimi," nikasema. "Kijana hajui kitu. Dumu ni langu."

Kenneth akanijia karibu. Nilidhani anakuja kunishukuru.

"Baba," alisema, "kwa nini hukubaki Majengo?"

Wakaenda kutawadha msikitini. Mimi nikabaki barazani peke yangu na mkokoteni na madumu matupu. Hapana aliyenifukuza. Hapana aliyeniambia keti.

Waliporudi kutoka kuswali, Maalim Idarus aliniita sebuleni. Babake Ziad alibaki barazani na watu wake, amekunja uso, na Ziad kando yake ameinamisha kichwa. Ndani tulikuwa mimi, Maalim, Kenneth, na Bi Shariffa aliyekataa kukaa. Upande wa pili wa chumba kulikuwa na pazia zito, na nyuma yake wanawake.

"Bwana Tsuma," Maalim alisema, "kwa nini?"

Nikamweleza yote: funda, kifua cha binti, maneno ya babangu. Nilikuwa nangoja anitukane. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ungenambia, bwana. Dua ya baba haikatazwi. Tungekupa marashi, ukampulizia hayo."

"Marashi gani sasa!" Bi Shariffa akadakia. "Mchele uko mtaroni! Watu wa mtaa mzima watakula nini, marashi?"

"Dada, subiri."

"Nisubiri nini? Watasema Shariffa kawalisha watu najisi!"

"Nisameheni," nikasema. "Sikukusudia. Sasa nitakaa kimya. Nimtoe mwanangu, niende zangu."

Maalim akamtazama dadake. Dadake akazitazama bangili zake.

"Umtoe?" Maalim akauliza.

"Mimi ndiye babake."

"U babake, na hapana awezaye kukunyang'anya hilo. Lakini kumwoza ni jambo jingine. Walii wa mwanamke Mwislamu, anayesimama kumwoza, sharti awe Mwislamu. Anayemwoza Mirriam ni Ayman."

Nilijua Ayman ni nani, lakini ilinibidi nigeuke nimtazame.

"Kenneth? Kenneth niliyemfunza kushika panga la kugemea, huyu ndiye amtoe binti yangu, na mimi nimekaa hapa nikila halua?"

"Si mimi niliyeweka sheria, baba."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu posa."

"Ukaninyamazia!"

"Mama alisema atakuambia yeye."

Niliinuka. Niliona kama sakafu ile ya mawe imeinama. Kumbe mtu huitwa harusini ili ajaze viti. Nilikuwa na jambo moja tu lililobaki kuwa langu katika mji huu, nikaliita kwa sauti yangu yote.

"Dama! Chukua nguo zako, twende Majengo! Na kesho twende Tsangatsini, jua likatuchomee kwetu!"

Nikalisogelea pazia.

"Dama!"

"Punguza sauti," Bi Shariffa alisema. "Usimpigie kelele mwanamke aliye edani."

"Aliye wapi?"

"Edani. Shifa amekaa eda."

"Simwiti Shifa mimi! Namwita Dama!"

Kenneth alikuwa anaitazama mikeka. Nikamtazama Bi Shariffa, na macho yangu yakaenda kwenye miguu yake, miguu ile migonjwa ya kulaliwa karibu miezi mitatu. Siku nzima alikuwa amepanda ngazi na kushuka kama mbuzi.

Nikakumbuka unga. Nikakumbuka "Tsuma" kavu kavu. Nikakaa chini mwenyewe bila kuambiwa.

Maalim aliongea taratibu. "Mkeo alisilimu, huu mwezi wa tatu. Mwanamke akisilimu na mumewe hajasilimu, hukaa eda, haguswi mkono wala nguo. Mume akisilimu kabla ya eda kwisha, ndoa yao ni ile ile, hawaozwi upya. Eda ikiisha naye bado, wameachana. Yake yaisha kesho magharibi. Lakini haya, bwana, wayajua. Uliambiwa, ukakataa."

"Niliambiwa na nani?"

"Na yeye mwenyewe. Nilimuuliza mbele ya dada yangu, mumeo amejua? Akasema, amejua, na amesema hasilimu ng'o, hawezi kuacha tembo."

"Maalim," nikasema, na sauti yangu sikuitambua, "naapa kwa kaburi la babangu. Sijaambiwa neno."

Maalim akavua miwani. Bi Shariffa, aliyekuwa hajaketi tangu asubuhi, akaketi.

"Shifa," Maalim akaita kuelekea pazia, "wasikia asemayo huyu?"

"Nasikia." Ilikuwa sauti ya Dama.

"Ulinambia kweli au uwongo?"

Nilikuwa namwomba Mungu aseme kweli, kisha nikamwomba aseme uwongo, sikujua tena ninachoomba.

"Uwongo, Maalim," alisema.

"Lahaula!" Bi Shariffa akajipiga paja. "Ukanifanya shahidi wa uwongo wako, Shifa! Mimi nilokupa chumba!"

Maalim alimnyamazisha kwa mkono. Alikuwa amekasirika, lakini hasira yake haikuwa na kelele. Akanigeukia.

"Bwana Tsuma, umedhulumiwa, na umedhulumiwa chini ya paa letu. Nakutaka radhi. Haki yako ipo mpaka kesho magharibi. Sikushurutishi, dini haina kushurutishana. Lakini ujue, ukisilimu leo, mkeo ni mkeo. Na bintiyo, Ayman atakupisha, utamwoza wewe mwenyewe."

Nikafikiri nyumbani. Nyuma ya boma letu zimesimama koma za babangu na babu yangu, vile vijiti vya mbao tunavyowachongea waliotutangulia, na mwenye kuwamwagia tembo ni mimi, kifungua mimba. Nikisema maneno haya watakaa na kiu. Nikafikiri pia chumba cha Majengo, kile kitanda, ile sufuria moja ninayopikia, nayo ndiyo sahani yangu. Nikawaomba radhi wazee wangu. Walikufa wakiwa na wake zao, wangenielewa.

"Nitasilimu," nikasema.

Kenneth akajifunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika. Akatoka pale alipokuwa ameketi, kando ya Maalim, akanipisha.

"Kwa hiari yako?" Maalim akauliza.

"Kwa hiari yangu."

"Basi sema nyuma yangu. Ash-hadu..."

"Ash..."

"Ngoja, Maalim."

Ilikuwa Dama. Pazia lilitikisika, lakini hakutoka.

"Tsuma, wayasema hayo kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako. Kwa ajili ya watoto wetu."

"Mimi sikusilimu kukukimbia wewe. Nilisilimu kwa kuwa niliamini. Lakini niliposikia habari za eda, nililala usiku ule hapa kwa Bi Shariffa, nikaamka asubuhi nimepumzika. Sijui nikuelezeje. Nikawa nataka miezi ipite."

"Nilikukosea nini? Nilikupiga?"

"Hukunipiga."

"Nina mwanamke mwingine?"

"Huna."

"Basi nini, Dama? Nini!"

"Kule kwetu ulipanda asubuhi, ukapanda mchana, ukapanda jioni. Nilikuwa na shamba langu, na jiko langu, na watu wangu kisimani. Ukishuka tuna la kuzungumza. Tulipokuja huku ukakaa chini. Chumba kimoja, Tsuma. Chumvi waniuliza, nimetoka wapi waniuliza, nacheka nini waniuliza. Nikigeuka huku u huku. Miaka yote ile nilidhani nakupenda. Kumbe nilikuwa nakupenda ukiwa juu ya mnazi."

Mtu mmoja barazani alicheka, kisha akakohoa kuuficha mcheko wake. Simlaumu. Angekuwa mke wa mwingine, hata mimi ningecheka.

"Nitatafuta vyumba viwili," nikasema. Jamani, ndilo jibu lililonijia. Mwanamume mzima, nikaahidi ukuta.

"Sikiza, Tsuma." Sasa sauti yake ilikuwa imelegea, na huo ulegevu ndio ulionimaliza. "Ukitaka kusilimu kwa ajili ya Mungu, sitakuzuia, nani mimi? Ila usisilimu leo. Silimu Jumamosi. Mungu yupo na Jumamosi."

Nikamtazama Maalim. Jumamosi eda itakuwa imekwisha, na kila mtu chumbani alijua, hata Bi Shariffa, aliyekuwa sasa analia kimya kimya kwa ncha ya mtandio. Mkono wa Maalim bado ulikuwa umenyooshwa kunipokea.

Nikasema moyoni, Tsuma, mwanamke amekwambia. Inuka. Chukua madumu yako.

Nikaweka mkono chini ili niinuke.

"Baba."

Huyo alikuwa Mirriam. Sikuwa nimeisikia sauti yake siku nzima.

"Mwanangu."

"Baba, sema. Sema leo."

"Mirriam!" mamake akamkemea.

"Wewe mama una lako, nami nina langu. Sitaki kuozwa na Kenneth kama yatima, na babangu yu hai, ameachwa barazani na mkokoteni. Umekuja kunihatsa, baba. Wamemwaga chakula changu kwa ajili ya hilo na sikukasirika. Basi nihatse. Niozeshe wewe."

"Atanirudisha chumbani mule, Mirriam! Akisema, mimi ni mkewe!"

"Na asiposema, mimi si bintiye?"

Huko nje babake Ziad aligonga mlango kwa pete yake. "Maalim, twaoza au twarudi? Watu wameshapigwa na njaa, sasa wapigwe na jua?"

Kenneth alikuwa amesimama ukutani, mahali pake pako wazi. Nikalitazama lile pazia, maana ndiko walikokuwa watu wangu wawili, na nikaona limeshikwa na mikono miwili, kila mmoja ukilivutia kwake. Mmoja ulikuwa na hina mbichi mpaka kwenye kiwiko. Wa pili niliujua tangu ujana wangu, na ulikuwa mkavu, safi, hauna unga hata chembe.

"Bwana Tsuma," Maalim alisema, "twakungoja."

Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa.